Kila muuguzi apewe nywila yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza. Kazi yangu nimeifanyia kwenye wodi za wazazi na kwenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, ile ambayo wagonjwa wanaiita CTC, kwanza visiwani na baadaye mjini. Jina langu na namba yangu ya simu nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni, na naomba visichapishwe. Simwogopi mtu, ila msomaji akijua mimi ni nani atajua nilifanya kazi wapi, na akijua wapi hatachelewa kumjua mama nitakayemzungumzia hapa chini.

Ninachotaka kusema ni hiki: kila muuguzi anayegusa kompyuta ya hospitali apewe nywila yake mwenyewe, na kila wodi inayolazimika kutuma picha za kazi ipewe simu yake. Hayo mawili yasipofanyika, mengine yote tunayoambiwa kuhusu usiri wa mgonjwa yataishia kwenye semina.

Wodi niliyoiacha ilikuwa na kompyuta moja. Chini ya kioo chake kulikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la kuingilia na nywila. Jina hilo lilikuwa la daktari aliyekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine. Wauguzi wote tuliingilia humo, zamu zote. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo humo humo. Mtu wa takwimu akija kukusanya ripoti ya mwezi, humo humo. Plasta ikichakaa, mtu alibandika nyingine. Ukiuliza mfumo ni nani aliyefungua taarifa za mgonjwa fulani saa nane za usiku, utakutajia mtu ambaye usiku huo alikuwa amelala kwake, kilomita mamia kutoka hapo.

Wapo wenzangu wanaosema basi bora enzi za mafaili. Sikubaliani nao hata kidogo. Faili la mgonjwa wa VVU lilikuwa na kabati lake na rangi yake, na aliyekaa kwenye benchi alijua nani ni nani kwa kuangalia tu nesi amebeba faili la rangi gani. Rejista za MTUHA, yale madaftari makubwa ya kuandikia wagonjwa na takwimu zao, zilishinda wazi mezani. Ndugu wa mgonjwa alikabidhiwa faili alipeleke maabara, akalisoma njiani, na akikutana na jirani wakalisoma pamoja. Hakuna aliyeweza kujua nani kasoma nini. Kompyuta inaweza jambo ambalo karatasi haikuliweza kamwe: kila anayefungua taarifa za mgonjwa inamwandika, jina, tarehe na saa. Mifumo ya hospitali hutengenezwa hivyo, kila mtumiaji na akaunti yake. Ulinzi huo tumeshaletewa hadi wodini, kisha tumeuzima sisi wenyewe kwa kipande cha plasta.

Siwalaumu wauguzi. Anayetaka kujua kwa nini plasta ile ilikuwepo aje wodi ya wazazi saa tisa usiku, muuguzi yuko peke yake au na mwenzake mmoja, mama mmoja anasukuma, mwingine ametoka kujifungua na damu haikatiki, mtandao unasuasua, na dawa haitoki dirishani mpaka iingizwe kwenye mfumo. Akaunti mpya ilihitaji barua kwa mganga mfawidhi, kisha isubiriwe zamu ya ofisa TEHAMA wa halmashauri, ambaye anazungukia vituo vya wilaya nzima. Muuguzi aliyehamia leo anatakiwa kufanya kazi leo. Atafanyaje?

Sasa nije kwa huyo mama. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni. Alikuja kliniki ya wajawazito akapimwa kama wanavyopimwa wajawazito wote: VVU, kaswende, wingi wa damu. Majibu yake yakaandikwa kwenye rejista, mstari mmoja katikati ya mistari ya wenzake. Muuguzi wa siku hiyo, binti mwenye bidii na huruma, alikuwa na swali kuhusu dawa za kumwanzishia, na daktari hakuwepo kituoni. Akapiga picha ukurasa ule kwa simu yake, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la idara. Daktari akajibu haraka na mama akaondoka na dawa siku ile ile. Kwa upande wa tiba, hiyo ni kazi ninayoisifu.

Lakini picha ilibeba ukurasa mzima: majina, mitaa, namba za simu na majibu ya kila mama aliyepita siku hiyo. Na kundi lenyewe lilikuwa na waliohamishwa, waliostaafu, wanafunzi waliomaliza mazoezi na kurudi vyuoni, na namba moja ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Simu nyingi zikipokea picha ya WhatsApp huihifadhi zenyewe pamoja na picha za harusi na za watoto. Simu hiyo mtoto anaichezea, mwenza anaishika, shemeji anaiazima apige mara moja. Kioo kikipasuka inaachwa kwa fundi wa simu kule mtaa wa Makoroboi pamoja na namba ya kuifungulia, maana fundi lazima aijaribu. Watu wa kompyuta wanatuambia ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa siri kutoka simu hadi simu, hakuna wa kuusoma njiani. Ni kweli, njiani. Ukishafika uko wazi kwa yeyote aliyeishika simu.

Wiki chache baadaye yule mama alikuja kunitafuta. Hakukaa. Aliniuliza, "Sista, kwani majibu yangu mliyaandika wapi?" Kumbe mama ntilie aliyekuwa akimpimia chai kila asubuhi pale sokoni alikuwa ameanza kumpa kwenye kikombe cha peke yake, cha plastiki, kinachowekwa kando na vingine. Hakuna aliyemwambia neno lolote. Kikombe kilitosha.

Watu wa kundi lile waliitwa wakahojiwa. Kila mmoja alikana, na inawezekana kabisa kila mmoja alisema kweli. Nani aliitoa picha ile, au ilitoka kwenye simu ya nani bila mwenyewe kujua, hadi leo hakuna ajuaye na hakuna namna ya kujua. Mama alihama kliniki. Baadaye nilisikia anavuka na feri kwenda kuchukulia dawa ng'ambo, ambako hajulikani. Wanaofanya kazi CTC wanajua maana ya safari kama hiyo: siku nauli ikikosekana, dawa inarukwa. Na huyu alikuwa mjamzito. Mjamzito mwenye VVU anayemeza dawa kila siku bila kuruka ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto asiye na maambukizi, na anayeruka nafasi hiyo inampungua. Tukizungumzia usiri, tunazungumzia huyo mtoto.

Wagonjwa wetu wenyewe wanajilinda kuliko tunavyowalinda. Nimeona mara nyingi watu wakitoka dirisha la dawa, wanasimama nyuma ya jengo, wanamimina vidonge kutoka kwenye kopo, wanavifunga kwenye kitambaa na kutupa kopo kabla ya kupanda daladala, kwa sababu kopo likitikisika linalia na aliyewahi kuusikia mlio huo anajua ni dawa gani. Mtu amejihangaisha kiasi hicho, halafu jina lake linazagaa kwenye simu za watu asiowajua.

Nisieleweke kwamba nataka simu zitupwe. Nimefanya kazi visiwani na najua Ukerewe na Ukara zina maana gani upepo wa ziwa ukichafuka. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, iliyopigwa picha na kutumwa kwa daktari bingwa mjini imeokoa wanawake. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, umefanya usafiri wa rufaa upatikane kwa simu moja, wakati sisi zamani tulikuwa tunatuma mtu aende ufukweni kutafuta mtumbwi wenye injini. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani lazima aulize, na lazima aulize haraka. Ninachokataa ni kwamba aulize kwa simu yake ya nyumbani, kwa kundi la watu asiowafahamu wote, na kwa picha ya ukurasa wenye majina ya watu wasiohusika. Afunike mistari mingine kwa karatasi. Aandike umri na wiki za ujauzito, jina aliache. Daktari hahitaji jina ili kupanga dozi.

Kuna jambo dogo nililofundishwa na muuguzi aliyenitangulia, na sijaliona kwenye mfumo wowote niliotumia. Kabla hujaandika namba ya simu ya mgonjwa, muulize: simu hii inashikwa na nani? Nakumbuka bibi mmoja wa Kisukuma, mjane. Nilipomuuliza alicheka, akasema, "Mayu, simu ni ya mjukuu. Mimi sijui kusoma, yeye ndiye ananisomea." Kama ningempelekea ujumbe wa kumkumbusha tarehe ya kliniki, ungesomwa kwanza na kijana, na kwa sauti. Tukakubaliana nikipiga niseme, mwambie bibi mbegu zimefika. Hakuwahi kukosa kliniki. Makubaliano hayo niliyaandika kwa penseli nyuma ya kadi, kwa sababu kwenye kompyuta palikuwa na nafasi ya namba ya simu, na hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba namba hiyo si yake. Siku hizi ujumbe wa kukumbusha unaweza kutumwa na mashine kwa watu mamia kwa mara moja. Mashine haijui habari za mbegu. Wanaotengeneza programu hizi wakae na wauguzi wa kliniki walau asubuhi moja kabla hawajachora fomu zao, wataongeza nafasi hiyo ya mstari mmoja, na watajua pia kwamba ujumbe haupaswi kutaja jina la kliniki wala la dawa.

Tukisikia habari za taarifa kuvuja, wengi tunawaza mdukuzi aliyejifungia chumbani nchi za mbali. Wapo, sikatai. Ufini mwaka 2020 wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walianza kupokea barua pepe zikiwataka walipe euro 200, la sivyo waliyomweleza mtabibu wao yatawekwa hadharani. Lakini kisa kinachonikaa zaidi ni cha Singapore. Januari 2019 wizara ya afya ya nchi hiyo ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU zimevujishwa mtandaoni: majina, namba za vitambulisho, simu, mahali wanapoishi. Hakuna mdukuzi aliyevunja chochote. Zilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa mwenza wa daktari, na daktari huyo alikuwa na ruhusa halali ya kuingia kwenye orodha ya taifa. Singapore ni nchi yenye pesa na wataalamu wa kila aina, na bado siri ilitokea kwa mwenye ufunguo. Sisi ufunguo tumeubandika chini ya kioo.

Sheria hatukosi. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Wauguzi wenyewe tuna kiapo. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kukirudia, kiapo chenye jina la Florence Nightingale, kilichotungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na tangu siku hiyo kinamtaka muuguzi atunze siri za mgonjwa na mambo ya familia anayoyajua kwa sababu ya kazi yake. Waliokitunga walikuwa wanaufikiria mdomo. Na kwa mdomo, mhariri, wauguzi wengi niliofanya nao kazi ni waaminifu kupita kiasi. Nimewaona wakikaa meza moja ya kanisani au ya msibani na wagonjwa wao, wakasalimiana kama watu wanaofahamiana kwa mbali tu. Leo mtu huyo huyo, aliyefunga mdomo wake miaka yote, anaweza kuwamwaga wagonjwa wa ukurasa mzima kwa kidole kimoja, na akaenda kulala akijua amefanya kazi nzuri.

Najua jibu litakuwa bajeti. Tulitazame hilo la bajeti basi. Kumfungulia muuguzi akaunti kwenye mfumo uliokwisha kununuliwa ni kazi ya dakika chache ya mtu ambaye tayari analipwa mshahara. Halmashauri imruhusu mtu mmoja ndani ya kila kituo, awe muuguzi mfawidhi au katibu wa afya, kufungua na kufunga akaunti bila kusubiri gari la wilaya. Muuguzi akihama, tayari kuna utaratibu wa kukabidhi ofisi, funguo za kabati la dawa na mashuka. Akaunti yake ifungwe siku ile ile, kwa fomu ile ile, na aondolewe kwenye kundi. Kioo cha kompyuta ya mapokezi kinachotazama benchi la wagonjwa kigeuzwe, hiyo inahitaji bisibisi. Simu ya wodi ndiyo pekee itakayogharimu kitu, na haihitaji kuwa ya kifahari. Ikae wodini, iandikwe kwenye daftari la makabidhiano kama inavyoandikwa mashine ya kupimia presha, isitoke nje ya mlango, na picha zifutwe tiba ikikamilika.

Kuna mwenzangu, bado yuko kazini, aliniambia wauguzi wataogopa: kila mtu akiwa na nywila yake, kila kosa litakuwa na jina. Nimelifikiria sana hilo, maana woga huo una sababu; muuguzi ndiye wa kwanza kuitwa jambo likiharibika. Lakini kwenye kisa cha Mwaloni waliumia wauguzi wote wa idara. Binti yule aliyepiga picha aliomba uhamisho, na hakuna aliyeweza kumthibitishia kosa wala kumsafisha. Kama picha ile ingetumwa kwa simu ya wodi kwenda kwa daktari mmoja, kungekuwa na watu wawili wa kuulizwa na jibu lingepatikana. Kumbukumbu ya nani aliingia inamlinda asiyeingia. Baraza la Uuguzi na Ukunga liliseme hili wazi kwa wauguzi linaowasajili, na liwaeleze waajiri kwamba muuguzi asiyepewa akaunti hawezi kubebeshwa kosa lililofanyika kwa jina la mwingine.

Wagonjwa nao wana haki ambayo wachache wanaijua. Sheria ile ya 2022 inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zilizoko kwa mwingine na jinsi zinavyotumika. Ningependa nione siku mgonjwa anafika mapokezi na kuuliza ni nani waliofungua faili lake mwaka huu, na karani anamsomea majina, badala ya kumshangaa.

Kwa wauguzi walio kazini, ambao wanaweza kuwa wanasoma barua hii kwenye simu zao: msisubiri waraka. Leo leo pitieni orodha ya walio kwenye kundi la idara, namba isiyojulikana iondolewe. Zimeni ile sehemu ya WhatsApp inayohifadhi picha zenyewe. Picha za rejista mlizonazo zifuteni, pamoja na zilizokwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambazo wengi wetu huwa hatuzikumbuki.

Na kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nina ombi. Chagueni vituo vichache vya Ilemela na Nyamagana, mwende bila taarifa asubuhi ya kliniki ya wajawazito. Msianzie ofisi ya mfawidhi. Kaeni benchi la pili kutoka mapokezi, muangalie kioo kimeelekea wapi, kisha mwende wodini mkaulize nywila ni ya nani. Niko tayari kuongozana nanyi, na mhariri ana namba yangu.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Kirumba, Mwanza